Aya Inapogoma: Dalili, Sababu na Tiba

Soma aya hii.

"Zanzibar ni visiwa vizuri sana vilivyopo katika Bahari ya Hindi. Karafuu ni zao muhimu. Pia Zanzibar kuna utalii na watalii wengi huja kila mwaka. Mwaka 1872 kilitokea kimbunga ambacho kiliharibu mikarafuu mingi. Aidha, karafuu huanikwa juani kwenye majamvi. Vilevile serikali hununua karafuu. Hii inawasaidia wakulima. Kwa hiyo karafuu nyingi hutoka Pemba."

Aliiandika binti wa dada yangu, yuko kidato cha tatu. Aliniletea daftari baada ya mwalimu wake kuandika pembeni, kwa wino mwekundu: "Aya haijajengwa."

"Mjomba," akaniuliza, "haijajengwa ndiyo imekuwaje? Nimekosea sarufi?"

Sarufi hakukosea. Hijai pia ilikuwa safi, na hakuna hata jambo moja la uongo mle ndani. Lakini aliyeniletea daftari alikuwa amekwama, kwa sababu kuambiwa "haijajengwa" ni sawa na kwenda zahanati ukaambiwa "unaumwa". Hilo unalijua, ndiyo maana umekwenda. Unachotaka kujua ni kinachouma ni nini na kimetoka wapi. Kwa hiyo tulikaa na aya zake za karafuu jioni mbili, dalili baada ya dalili, na haya ndiyo tuliyoyapata. Mengine nimeyaongeza kutokana na miaka yangu ya kuhariri kazi za watu wazima, ambao wanaugua magonjwa yaleyale ila wana vyeti.

Kabla ya kupima ugonjwa, tukubaliane kwanza juu ya afya. Washairi wetu wana neno lake: utoshelevu. Ubeti unatakiwa ujitosheleze, ukiung'oa katika shairi na kuusoma peke yake uwe umesema kitu na kukifikisha. Aya ya nathari ina sheria hiyohiyo, ingawa haina vina wala mizani ya kuilinda. Inasema jambo moja, inalipa nyama, inamwachia msomaji njia ya kuendelea. Hakuna zaidi.

Dalili: msomaji anafika mwisho na hajui umemwambia nini

Huu ndio ugonjwa wa aya ya hapo juu, na ndio ninaokutana nao kuliko yote. Watu hudhani sababu yake ni kukosa wazo. Mara nyingi wazo lipo, ila mwandishi amelifikia akiwa katikati ya kuandika, kwa hiyo limeangukia mwisho. Rasimu ndivyo ilivyo: kalamu inapapasa, inagusa bahari, inagusa utalii, inagusa serikali, halafu ghafla inashika kitu. Tazama tena sentensi ya mwisho ya yule binti: "Kwa hiyo karafuu nyingi hutoka Pemba." Hiyo peke yake ndiyo sentensi ambayo mtu anaweza kuiuliza "kwa nini?" Nyingine zote unaitikia tu kwa kichwa na kupita.

Kipimo ni hiki. Funika aya kwa kiganja, kisha useme kwa sauti, kwa pumzi moja, kana kwamba unamwambia mtu anayeshuka kituo kinachofuata: "Nilichotaka kusema ni kwamba..." Maneno yakija, tazama kama yamo katika aya. Utashangaa mara ngapi hayamo. Watu husema vizuri kuliko walivyoandika. Chukua ulichosema, kiandike. Maneno yasipokuja, nenda kwenye sentensi ya mwisho, ipandishe juu kabisa, halafu uzihoji zilizobaki moja moja: wewe unaitumikia hii, au umekuja na safari yako?

Tulipofanya hivyo, aya ikawa hivi:

"Karafuu nyingi za Zanzibar hutoka Pemba, na chanzo kimojawapo ni upepo. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, ilhali Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Mkarafuu huchukua miaka 6 hadi 8 tangu kupandwa mpaka kuanza kuzaa, kwa hiyo hasara ya siku moja haikuweza kufidiwa kwa msimu mmoja. Unguja ilipokuwa inapanda upya, Pemba ilikuwa inachuma."

"Mjomba, umenitupia utalii wangu!"

Sikuutupa. Utalii una aya yake, na majamvi yana aya yake. Ona pia jambo jingine: miaka ya mkarafuu kuzaa haikuwemo katika aya ya kwanza. Ilidaiwa na sentensi kuu, ile inayobeba wazo la aya. Ukishajua unachosema, sentensi kuu yenyewe huanza kukuambia kinachokosekana, na hapo ndipo unapojua kwamba imekaa mahali pake.

Je, lazima sentensi kuu iwe ya kwanza? Katika mtihani na katika ripoti, iweke mwanzoni, usijitafutie makuu. Katika hadithi inaweza kuja mwisho au isitamkwe kabisa. Najua desturi yetu ya barazani ni kuuzunguka mbuyu kidogo: unauliza hali, unauliza watoto, unauliza mvua, ndipo unasema kilichokuleta. Huo ni uungwana, nami siupigi vita. Lakini barazani mwenzako anakuona uso, anajua kuna jambo linakuja. Kwenye karatasi haoni uso wowote.

Dalili: aya imejaa ukurasa, jicho linakataa kuingia

Usikimbilie mkasi. Urefu wenyewe si ugonjwa. Aya ya maneno 200 inayoandama jambo moja husomeka kuliko ya maneno 60 yenye mambo matatu. Chukua penseli, na pembeni mwa kila sentensi andika swali ambalo sentensi hiyo inalijibu. Kwa nini? Vipi? Lini? Nani ananufaika? Ukimaliza, teremka na penseli yako ukitazama maswali tu.

Maswali yakibadilika, kata palepale yalipobadilika. Ukitoka "kwa nini Pemba" ukaingia "huanikwa vipi", hiyo ni aya nyingine hata kama sentensi zote mbili zinaitaja karafuu. Wengi hukosea hapa: wanadhani aya ina umoja kwa sababu ina mada moja. Mada si wazo. "Karafuu" ni mada ya kitabu kizima. Dalili nyingine za mahali pa kukata ni wakati kuhama, mahali kuhama, mtendaji kubadilika, au "hata hivyo" inayogeuza hoja yote na si sentensi moja.

Maswali yasipobadilika na bado jicho linakataa, tatizo haliko katika aya bali katika sentensi, na mshukiwa wangu wa kwanza ni amba-. Sikiliza: "Wakulima ambao huchuma karafuu ambazo huanikwa kwenye majamvi ambayo hutandazwa uani huwa macho muda wote ambapo mvua ikinyesha hulazimika kuziokoa." Maneno hayo yote ni halali, lakini kwa pamoja ni mzigo. Rejeshi ya ndani ya kitenzi ipo, nayo ni fupi: zinazoanikwa, wanaochuma, yanayotandazwa. Nukta ipo, nayo haina malipo. "Karafuu mbichi huanikwa uani, juu ya majamvi. Wingu likitanda, kila aliyemo nyumbani hukimbilia jamvi."

Na "ambapo" ya ofisini naiombea istaafu. Asili yake inaelekeza mahali au wakati: chumba ambapo tulikutana. Siku hizi katika ripoti imekuwa uzi wa kushonea chochote kwa chochote: "Kikao kilifanyika ambapo wajumbe walijadili bajeti ambapo ilikubalika ipunguzwe ambapo mwenyekiti alifunga." Kila ukiiona mara ya pili katika sentensi moja, weka nukta mahali pake kisha uone kama kuna kilichopotea.

Dalili: kila sentensi ni aya yake

Sababu nyepesi ni mazoea. Tumezoea kuandika kwenye simu, ujumbe mmoja, kitufe, ujumbe mwingine. Magazeti nayo yamechangia, ila yana udhuru: safu ya gazeti ni nyembamba, na sentensi mbili tu hutengeneza mnara, kwa hiyo mwandishi wa habari hukata mapema. Ukiuhamisha mtindo huo kwenye karatasi pana, ukurasa unaonekana kama kinywa kilichong'olewa meno.

Sababu nzito ni tamko bila nyama. Mwandishi anasema "Karafuu ina matumizi mengi", anaona hana la kuongeza, anashuka mstari. Hapo dawa si kuunganisha mistari, ni kutafuta nyama: mfano, sababu, kipimo, au tofauti na kitu kingine. Tulijaribu:

"Karafuu haiishii kwenye pilau. Hata makonyo, vile vijiti vinavyobaki baada ya kuchambua, hutolewa mafuta kwa mvuke, na kiwanda cha Wawi karibu na Chake Chake, Pemba, kimeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Mafuta ya karafuu hutia ganzi. Ndiyo ile harufu inayokupokea kwenye chumba cha daktari wa meno."

Tamko lilelile, lakini sasa lina makonyo, lina Wawi, lina jino. Aya ya sentensi moja ina mahali pake: katika mazungumzo, ambapo kila msemaji hupewa mstari wake mpya, na mara moja moja unapotaka kupiga ngumi mezani. Anayepiga meza kila dakika hasikilizwi.

Dalili: umeandika mistari sita, umesema kitu kimoja

"Karafuu ni zao muhimu sana kwa uchumi wa Zanzibar. Zao hili lina umuhimu mkubwa kwa Wazanzibari. Bila karafuu uchumi wa visiwa hivi ungetetereka. Hakika karafuu ni uti wa mgongo wa uchumi."

Sentensi nne, habari moja. Ugonjwa huu huletwa na hofu ya kuhesabiwa maneno. Siwalaumu watahiniwa. Kenya, kwa mfano, karatasi ya insha ya KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari), ile 102/1, hutaka insha mbili zisizopungua maneno 400 kila moja, kwa saa moja na dakika 45. Mtu akiitazama saa ukutani, huanza kujaza gunia. Lakini insha ina alama 20, na gunia lililojaa pumba mtahini analitambua kwa kulinyanyua tu.

Tiba yake naiita kushuka ngazi. Kila sentensi iwe chini kidogo ya iliyotangulia: pana, finyu, finyu zaidi, mpaka ufike kwenye kitu kinachoonekana kwa macho au kuhesabika. "Karafuu ni muhimu" iko juu darini. Ukiuliza "kwa nani?", umeshuka ngazi. Ukiuliza "anaifanyia nini fedha yake?", umeshuka tena. Sentensi isiyoshuka wala kupanda imesimama mlangoni, inazuia wengine.

Lugha yetu inapenda kurudufu, na urudufu una utamu wake. Dhahiri shahiri, raha mustarehe, hali na mali: hotuba bila hayo ni uji bila sukari. Katika aya ya maelezo, jozi moja ni chumvi. Jozi ya pili ni mkono ulioteleza.

Dalili: viunganishi tele, lakini sentensi hazishikani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu shule zetu zinafundisha kinyume. Mwanafunzi hupewa orodha: aidha, vilevile, pia, isitoshe, zaidi ya hayo, fauka ya hayo. Anaambiwa azitumie apate alama za mtindo. Anazitumia. Tatizo ni kwamba maneno hayo yote sita yana kazi moja tu, kusema "na kuna lingine". Ni kupakia magunia kwenye lori. Magunia hayana uhusiano wowote zaidi ya kuwa ndani ya lori moja.

Kinachoshika sentensi ni sababu, matokeo, upinzani na mfuatano. Kwa hayo tuna maneno mazuri ambayo hayamo katika orodha za darasani: maana, kwa kuwa, ndiyo maana, ilhali, ingawa, kumbe, basi. Neno "kumbe" peke yake linaweza kugeuza aya nzima, kwa sababu linamwambia msomaji kwamba alichodhani hakikuwa hivyo.

Kipimo: futa viunganishi vyote, kisha usome. Kama maana imebaki vilevile, vilikuwa mapambo. Sasa simama katikati ya kila sentensi mbili na unong'one unachokisikia: "kwa sababu"? "lakini"? "matokeo yake"? Usiposikia chochote, sentensi hizo hazikustahili kukaa jirani. Ukisikia, amua kama msomaji naye atasikia bila kuambiwa. Akisikia, nyamaza. Rudi kwenye aya yetu ya kimbunga uone: "aidha" haimo, "vilevile" haimo.

Na kuna uzi ambao Kiswahili kinatupa bure: ngeli. "Kimbunga kiliipiga Unguja. Kiliangusha mikarafuu, na iliyobaki kiliiacha bila matawi." Zile ki- zinamshika msomaji mkono kutoka kimbunga hadi mwisho, na ile -i- ya pili inamrudisha kwenye mikarafuu. Hukuhitaji kiunganishi chochote.

Uzi huu hukatika mahali pamoja, napo ni vizuri kupajua. Nomino nyingi mno zimejazana katika ngeli ya I-ZI: serikali, bei, karafuu, hali, kampuni, mvua, sheria. Zikikutana katika sentensi moja, kiambishi hakitofautishi tena. "Serikali ilipandisha bei ya karafuu baada ya hali ya soko kubadilika. Ilileta furaha kubwa vijijini." Ilileta nini? Serikali? Bei? Hali? Karafuu yenyewe? Mwandishi anajua, sisi tunabahatisha.

Wengi hujaribu kutibu kwa kuandika "Hii ilileta furaha." Ndiyo ile "Hii inawasaidia wakulima" ya binti yetu. Ni dawa mbaya kuliko ugonjwa, kwa sababu "hii" ikisimama peke yake inaonyesha kidole kwenye kitu kilichopo mbele yetu chumbani, nasi tunageuka kukitafuta. Sema jina: hatua hiyo, bei hiyo, hali hiyo, uamuzi huo, mabadiliko hayo. Ama sema "jambo hilo", au "hilo" tupu, ambalo sikio la Kiswahili hulielewa kuwa ni jambo zima lililotajwa. Na tazama mwisho wa neno: kitu kilichokwisha kutajwa hurejelewa kwa -o. Hiyo, hilo, hicho, hayo. Kosa hili ni dogo kwa kulitazama, lakini ukilisahihisha peke yake katika ripoti ya kurasa kumi, ripoti hubadilika sura.

Kuchagua jina kuna faida ya pili. Ukisema "uamuzi huo" umesimama kando. Ukisema "kosa hilo" au "ujanja huo" umeshatoa hukumu. Chagua ukijua.

Watu nao wana msongamano wao katika A-WA. "Mchumaji alimwambia tajiri kwamba amekosea kusoma mizani." Nani kakosea? Kesi kama hiyo imewahi kuvunja urafiki. Taja mtu, au weka maneno yake katika alama za kunukuu.

Dalili: msomaji anayumba kama yuko chomboni

Nyakati zinarukaruka. Binti aliandika: "Wachumaji huingia shambani asubuhi. Walipanda juu ya mikarafuu na wanavunja vishada. Karafuu zikachambuliwa na zimeanikwa." Hu-, li-, na-, ka-, me-, zote ndani ya sentensi tatu.

Ukimsahihisha viambishi tu, kesho atarudia, maana kosa halikuanzia kwenye viambishi. Alikuwa anachanganya siku moja aliyoisikia kwa babu yake na desturi ya kila msimu. Muulize kwanza: unatusimulia siku ile, au unatueleza ilivyo siku zote? Jibu likipatikana, nyakati hujipanga zenyewe.

Ilivyo siku zote: "Wachumaji huingia shambani alfajiri, hupanda mikarafuu na kuvunja vishada kabla maua hayajafunguka, kwa sababu karafuu iliyochanua imepoteza thamani. Jioni familia hukaa chini kuchambua, karafuu huku, makonyo kule."

Siku ile: "Tuliingia shambani alfajiri. Babu akapanda, akavunja kishada cha kwanza, akatuangushia sisi tuliokuwa chini."

Angalia -ka- ilivyopanda mgongoni mwa -li-. Ukiianza aya ya maelezo kwa -ka- bila -li- ya kuibeba, msomaji hugeuka nyuma kutafuta tukio alilorukwa.

Dalili mbili za haraka

Aya inaanza kwa "Wahenga hawakukosea waliponena..." Ifute methali kisha usome. Kama aya haikupoteza kitu, methali ilikuwa kilemba cha kuazima. Katika insha ya methali ni jambo jingine, kwa kuwa hapo ndiyo swali lenyewe.

Aya inaisha kwa "Hivyo basi, tunaona kwamba karafuu ni muhimu." Tumeshaona. Futa. Ikiisha kwa jambo jipya kabisa, "serikali pia inapaswa kujenga barabara", usilifute. Limepotea njia, na huenda ni sentensi kuu ya aya inayofuata.

Dalili: kila aya ni nzima, lakini andiko haliendi

Nakili sentensi ya kwanza ya kila aya kwenye karatasi nyingine, uzisome kwa mfululizo kana kwamba ni aya moja. Za binti zilisomeka hivi: karafuu huanikwa juani, karafuu nyingi hutoka Pemba, karafuu ni ua lililochumwa kabla ya kufunguka. Ya tatu ndiyo inayotuambia karafuu ni nini, na imekuja baada ya kuanikwa!

"Ndivyo nilivyoyapata," akajitetea. "La kuanika nililijua, la Pemba nikasoma, la ua nikaambiwa mwisho."

Hiyo ndiyo sababu kila mara. Mpangilio wa aya umefuata mpangilio wa kuokota. Panga upya karatasi ile, si andiko. Ni rahisi kusogeza mistari mitatu kuliko kurasa tatu. Kisha hakikisha aya mpya inaanza na kitu ambacho aya iliyopita imekitaja karibuni. Iliyoisha kwa kuchambua, ifuatwe na "Karafuu zilizochambuliwa..."

Dalili: aya imepita vipimo vyote, na bado haina ladha

Jioni ya pili alinionyesha hii: "Uanikaji wa karafuu ni kazi inayohitaji umakini. Karafuu huanikwa juani kwa siku kadhaa. Zisipoanikwa vizuri huharibika."

Sentensi kuu ipo. Nyakati ziko sawa. Hakuna "aidha". Nilitafuta cha kusahihisha nikakosa, na bado ilikuwa kama chai ya majani yaliyochemshwa mara ya tatu. Aya ya namna hii haitibiki mezani, kwa sababu ugonjwa wake si wa lugha. Mwandishi hakijui anachokiandika. Yeye hajawahi kuona karafuu mbichi ikianikwa, na mimi pia sijawahi.

Tukampigia simu babu yake mzaa baba, yuko Wete, Pemba. Binti akamsalimia, "Shikamoo babu", na mzee alipoitikia tu hakuhitaji kuulizwa mara mbili. Alizungumza mpaka salio likatuonya. Nilimwona binti anaandika pembeni mwa daftari, juu ya ule wino mwekundu. Alipokata simu aliandika aya hii bila kuniuliza chochote:

"Karafuu zilizochambuliwa haziachwi zilale zikiwa zimerundikwa. Rundo bichi hupata joto lenyewe usiku, na asubuhi karafuu huonekana zimepauka na kukunjamana, hii hushusha bei. Kwa hiyo hutandazwa nyembamba juu ya jamvi, na hugeuzwa mara kwa mara ili jua lizifikie zote. Babu hapimi kwa kuhesabu siku. Huokota moja akaivunja kwa vidole: ikikatika kwa mlio, imekauka, ikipinda, irudi juani. Kilo tatu mbichi huacha takriban kilo moja kavu."

Kuna "hii" moja imebaki humo. Nimemwachia aitafute mwenyewe.